Miche ya waridi yenye kuvu ya mizizi: kitalu cha kando ya barabara, Mamboleo

Kazi yangu ni kutengeneza bustani za watu hapa Kisumu, kwa hiyo vitalu navijua. Kwa waridi na bogenvilia, sasa nanunua kwenye kitalu kilichoko ukishapita Mamboleo, barabara ya Kakamega. Mama mwenye kitalu huitia miche yake kuvu ya mizizi, ile inayoitwa maikoraiza.

Mwombe akuonyeshe. Anachana kiriba, anakung'uta udongo taratibu mpaka mizizi myeupe itokeze, kisha anachota kijiko kidogo cha chengachenga za kijivu kwenye mkebe anaouweka kivulini, na kuzinyunyiza kwenye mizizi yenyewe. Hapo nilijua anaielewa kazi. Kuvu hii haikui bila mzizi hai. Ukiimwaga juu ya udongo kama mbolea umetupa pesa. Inaingia ndani ya mzizi, mmea unailisha sukari, nayo inatandaza nyuzi nyembamba sana zinazopenya mahali mzizi haufiki na kuuletea mmea fosforasi na maji. Si jambo la juzi: Mjerumani Albert Bernhard Frank aliueleza ushirika huu mwaka 1885.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Udongo mwekundu wa kuanzia Kiboswa kupanda Vihiga una asidi na unaing'ang'ania fosforasi. Unatia DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, sehemu kubwa inanasa palepale mmea usiipate, na mvua ikiukokota udongo huo, fosforasi inaishia ziwani kulilisha gugumaji. Mtu anayepanda maua ya kupendeza macho tu hana sababu ya kuliongezea ziwa mzigo huo.

Waridi nilizozipanda kwenye lango la nyumba ya wageni kule Riat nilizitilia samadi iliyooza, basi. Jua la Januari lilizikuta bado changa zikavumilia, huku zile za kitalu kingine, ukuta uleule, zikinyauka kila adhuhuri. Mizizi sijaipima maabara, lakini mwenye nyumba ndiye anayelipa bili ya maji, na mwaka huu ameagiza zaidi.

Lakini yapo ya kurekebisha. Mteja anaondoka na mche bila kuambiwa asitie DAP shimoni, na hilo linaharibu kila kitu: mmea ukishiba fosforasi, unaacha kuilisha kuvu. Tena kuna dawa za ukungu za kumwagia udongoni zinazoweza kuiua. Kikaratasi kimoja kwenye kila mche kingetosha.

La pili limenikera zaidi. Nilimuuliza, "Mama, hata sukuma unazitia?" Akajibu, "Zote, kaka, zikue vizuri." Sukuma na kabeji ni za jamii ambayo kwa kawaida haishirikiani na kuvu hii, na mkulima mdogo anaongezewa bei kwa kitu kisichomfaa. Nilimweleza, akanisikiliza kwa makini, akasema ataacha. Nikipita tena nitaangalia.

Mche wa waridi ni shilingi 250. Kwingine utapata hata kwa 150. Nyongeza hiyo mimi nailipa kwa moyo mweupe. Nenda asubuhi, na umwambie unataka kuona mizizi kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, hakatai.