Plazma ya sungura kwa maabara ya maziwa: inunue, lakini usiitikise

Ukiingia duka la vifaa vya maabara hapa Nairobi kutafuta kitu cha kutambua Staphylococcus aureus kwenye maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, kuna vitu viwili vya kuchagua: lateksi ya matone (chembe ndogo za mpira zinazoshikamana zikimkuta bakteria), au plazma ya sungura iliyokaushwa, yaani maji ya damu ambayo bakteria huyu huyagandisha. Lateksi inavutia kwa sababu jibu hutoka papo hapo. Sisi tunashauri plazma, ile ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande yenyewe, kwa kushika kalisi yake). Kwa sampuli za ng'ombe, hiyo ndiyo inayostahili pesa zako.

Sababu iko kwa bakteria mwenyewe. S. aureus hujihami kwa kunasa protini za damu ya mnyama. Juu ya ukuta wake ana kishikio cha fibrinojeni (protini ya kugandisha damu), ndiyo maana seli zake hushikamana na kuwa chembechembe. Ana protini A, inayokamata kingamwili upande wa mkia, pale pale ambapo chembe nyeupe za damu zingeishika ili zimmeze. Halafu kuna koagulasi, anayoitoa nje: hiyo hujibandika kwenye prothrombini, protini nyingine ya kugandisha damu, na kuiamsha bila kuikata, kisha fibrinojeni hugeuka nyuzi za fibrini zinazomfunika. Lateksi hutafuta hivyo viwili vya kwanza; plazma hupima koagulasi. Lakini S. aureus wengi wa ng'ombe hawatoi protini A ya kutosha, na wengine wana ganda la nje linaloficha kishikio cha fibrinojeni. Utaandika kwamba hayupo kumbe yupo, na mkamaji ataendelea kumhamisha kutoka chuchu hadi chuchu.

Anza na kipimo cha katalasi, kimeng'enya kinachotoa mapovu: tone la haidrojeni peroksaidi ya 3% juu ya koloni. Streptokokasi, bakteria mwingine wa kiwele, hatoi mapovu, kwa hiyo usimpotezee plazma. Usichote agari ya damu pamoja na koloni, maana chembe nyekundu nazo hutoa mapovu. Kisha acha kichupa cha plazma kipate joto la chumba, ongeza maji yaliyokenekwa na kutakaswa viini kwa kipimo cha lebo, na kizungushe polepole mpaka unga uyeyuke. Tia 0.5 ml kwenye testitubu, ongeza koloni mbili au tatu za usiku mmoja, weka kwenye inkubeta ya nyuzi 37. Kila baada ya saa moja, kwa saa nne, inamisha testitubu taratibu. Bonge likijaa lote lisimwagike, ni chanya. Kipande kidogo kinachoelea ndani ya maji nacho ni chanya, na hicho ndicho wengi hukikosa kwa kutikisa: bonge changa likishavunjika halijiungi tena.

Usiziweke jioni ukaja kuzisoma asubuhi tu. Baadhi ya S. aureus hutoa stafilokinasi, kimeng'enya cha kuyeyusha bonge, kwa hiyo bonge linaganda usiku na kuyeyuka kabla hujafika kazini. Ambazo hazijaganda kufikia saa nne ndizo za kuachwa hadi saa 24.

Plazma iliyozuiwa kuganda kwa sitreti badala ya EDTA ikatae. Enterokokasi, bakteria wengine, hula sitreti, kalisi inaachiliwa, plazma inaganda bila koagulasi yoyote. Plazma ya ng'ombe kutoka machinjioni pia si njia ya kubana matumizi: koagulasi ya kawaida haiigandishi vizuri. Wanaoiweza ni wale wenye aina maalum ya protini ya kushika kipengele cha von Willebrand (protini ya damu inayosaidia kuganda), iliyozoea damu ya wanyama wanaocheua.

Udhaifu mkubwa wa plazma ya sungura ni idadi. Kichupa cha 3 ml ni vipimo sita, na viwili ni vya kudhibiti (bakteria wa kawaida wa kulinganishia: ATCC 25923 kwa chanya, ATCC 12228 kwa hasi), unabaki na sampuli nne. Kusanya sampuli kabla ya kukifungua. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na stima za mitaa yetu zinajulikana. Dukani kiinue uone: unga uwe mkavu na mwepesi, ukiwa umenata kwenye kioo, unyevu umeingia, kirudishe.

Ikiganda, bado kuna S. hyicus, ndugu wa S. aureus, ambaye naye huweza kugandisha. Kipimo cha asetoini, kemikali ambayo bakteria hutengeneza kutoka sukari, kitawatenganisha: S. aureus chanya, hyicus hasi.