Tahadhari kwa wanunuzi wa Kigoma na Ujiji: saa ya rubani inayotangazwa kuwa otomatiki na kuletwa ikiwa ya betri

Ndugu zangu wa Kigoma, Ujiji na wilaya za jirani, ninaandika tahadhari hii kwa sababu, tangu nilipotapeliwa mimi, nimekutana na watu wengine wawili waliouziwa saa ileile na mtu yuleyule, kwa njia ambayo haikutofautiana na yangu hata kidogo. Muuzaji huyo hana duka. Hutangaza bidhaa zake kwa picha za simu, hukutana na mteja maeneo ya soko la Mwanga, hupokea fedha yote kwa simu, kisha mzigo humfikia mteja siku mbili au tatu baadaye kwa mkono wa bodaboda, ukiwa umezungushiwa gundi ya karatasi kila upande. Sitaandika jina lake wala namba yake hapa kwa kuwa shauri limefikishwa polisi, lakini nitaieleza saa yenyewe kwa kina, maana anayeijua vizuri hawezi kubadilishiwa.

Saa inayotangazwa ni Seiko 5 ya mtindo wa rubani, ile ya otomatiki (yaani isiyotumia betri) yenye uso mweusi, inayojulikana kwa namba SNK809. Ile halisi ni saa nzuri kwa bei yake, nami sina neno baya juu yake. Kipenyo chake ni kama milimita 37, hivyo hukaa vizuri hata kwenye mkono mwembamba, na mkanda wake una upana wa milimita 18, kipimo ambacho mikanda yake haisumbui kupatikana. Dakika zimeandikwa kwa tarakimu kubwa pembezoni mwa uso, kwa kuruka tano tano hadi 55, na tarakimu za saa zimewekwa katika duara dogo la ndani. Mpangilio huo ulitoka kwenye saa za Ujerumani za wakati wa Vita Kuu ya Pili, zile za aina B zilizoanza mwaka 1941, kwa kuwa mtu aliyekuwa akipima njia ya ndege angani alihitaji kuona dakika na sekunde haraka kuliko kitu kingine chochote.

Hapo ndipo uongo wa kwanza wa muuzaji huyu ulipo. Aliniambia kwamba hii ndiyo saa yenyewe waliyopewa marubani wa vita, ikitengenezwa upya bila kubadilishwa kitu. Si kweli. Saa zile za Ujerumani zilikuwa na kipenyo cha milimita 55 na zilivaliwa juu ya mkono wa koti. Hii imeazima sura tu. Kwa upande mwingine, mtu asiikatae saa halisi kwa kudhani kwamba udogo ni dalili ya bandia, kwa sababu hata saa ya rubani iitwayo Mark 11, ambayo kiwanda cha IWC cha Uswisi kilianza kuitengeneza mwaka 1948 kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza, ilikuwa na milimita 36 tu.

Nilitaka kumnunulia mdogo wangu, ambaye anafanya kazi kwenye mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi. Tulikubaliana shilingi 165,000. Siku tuliyokutana, muuzaji alinipa saa mkononi niikague, na ninakiri kwamba ile niliyoishika ilikuwa halisi: mfuniko wa nyuma ulikuwa wa kioo, nikaona kipande cha chuma kikizunguka ndani kila nilipoigeuza, na mshale wa sekunde ulikuwa ukiteleza kwa hatua ndogo ndogo bila kuruka. Kisha akasema kwamba hiyo ni ya mfano na imekwisha kulipiwa na mtu mwingine, na kwamba yangu iko njiani ndani ya mzigo unaotoka Dar es Salaam. Nikalipa yote. Nilipoomba risiti ya EFD, alisema angeiambatanisha na mzigo. Haikuja.

Saa iliyoletwa ilifanana na ile ya mfano kwa mtu anayeiangalia kwa haraka, na ninaamini wengi waliotapeliwa bado wanaivaa bila kujua. Mimi mwenyewe sikugundua kitu siku ya kwanza. Nilianza kushtuka umeme ulipokatika usiku na nikaona kwamba mishale haikutoa mwanga wowote, ilhali saa halisi ikikaa kwenye mwanga wa mchana huendelea kung'aa gizani. Nikaichunguza tena asubuhi, nikaona kwamba kile kitufe cha kurekebishia majira kilikuwa katikati ya ubavu, mkabala na tarakimu 3. Kwenye ile niliyoishika Mwanga kitufe kilikuwa kimeshushwa mkabala na tarakimu 4, na hivyo ndivyo SNK809 ilivyo. Alama hii moja inatosha kumwokoa mtu, kwa maana huonekana hata kwenye picha.

Nilitaka uhakika zaidi kabla ya kumshitaki mtu, kwa hiyo niliivua saa Ijumaa usiku nikaiweka kabatini na sikuigusa hadi Jumatatu asubuhi. Saa ya otomatiki hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na mashine ya 7S26 iliyomo ndani ya saa halisi huhifadhi nguvu kwa takriban saa 40 tu, hivyo ilipaswa kusimama Jumapili alasiri. Nilipofungua kabati ilikuwa ikitembea na majira yake yalikuwa sahihi. Kibaya zaidi, dirisha la siku lilikuwa bado linaonyesha Jumatano, kwa sababu jina la siku lilikuwa limechapwa juu ya uso wa saa na halikuwa na uwezo wa kubadilika. Tarehe peke yake ndiyo iliyokuwa ikisogea. Kisha nikavuta kitufe cha ubavuni na mshale wa sekunde ukasimama papo hapo. Katika mashine ya 7S26 mshale huo hausimami ukivuta kitufe, na wala huwezi kuitia ufunguo kwa kukizungusha. Kipimo hiki cha mwisho kitumike kwa saa hii tu, kwa sababu zipo otomatiki nyingine halisi ambazo mshale wake husimama.

Fundi saa mmoja wa hapa mjini aliifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na mashine ndogo ya betri iliyobanwa katikati ya pete ya plastiki nyeupe, kwa sababu ilikuwa ndogo mno kwa jumba lile na bila pete ingecheza. Juu ya uso palikuwa pameandikwa kwamba ni otomatiki.

Ninaomba nieleweke vizuri hapa. Saa ya betri si kitu cha kudharauliwa, na kwa kushika majira huishinda otomatiki ya bei hii kwa mbali: kiwanda chenyewe kinaruhusu 7S26 ipotee kati ya sekunde 20 nyuma na sekunde 40 mbele kwa siku, wakati saa ya kawaida ya betri hupotea kwa kiasi kama hicho ndani ya mwezi mzima. Angeniambia kwamba ni ya betri na kunitajia bei ya betri, huenda ningeinunua na tungeachana kwa amani. Alichofanya ni kunionyesha kitu kimoja na kuniuzia kingine chenye jina la kiwanda kisichokitengeneza.

Lipo jambo la maji, ambalo kwa watu wa ziwani ni zito kuliko fedha iliyopotea. Muuzaji anawaambia wavuvi kwamba maandishi ya mita 30 maana yake ni kuzama nayo hadi kina hicho. Hata kwenye saa halisi, kipimo hicho ni cha shinikizo la maabara, na maana yake ya kila siku ni kwamba saa inavumilia mvua, matone na kunawa mikono. Haifai kuogelewa nayo, achilia mbali kuvutia nyavu usiku kucha. Ile ya bandia haikuwa hata na mpira wa kuzuia maji chini ya mfuniko. Mtu wa mitumbwi anayehitaji saa atafute iliyoandikwa mita 100 au zaidi.

Nilipompigia muuzaji, alisema kwanza kwamba bodaboda ndiye aliyebadilisha mzigo, kisha akadai nimlipe shilingi 30,000 za "kurudishia", na baadaye hakupokea tena simu zangu. Mmoja wa wale wawili niliowataja aliitoa hiyo 30,000. Asitokee mwingine wa kuitoa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na mali zenye alama bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, kwa hiyo malalamiko haya yana pa kupelekwa.

Kwa yeyote ambaye amekwisha kulipa na anasubiri mzigo wiki hii: usiupokee kwa bodaboda mlangoni na kumwacha aondoke. Ufungue mbele yake, mkiwa na shahidi, na uangalie kwanza kitufe kiko mkabala na tarakimu gani. Ukikikuta kwenye 3, upige picha saa, boksi na gundi yake kabla hujatupa chochote, usifute ujumbe wa malipo wala maongezi yenu, na uvipeleke vyote kituo cha polisi. Sisi watatu tumekwisha kuandikisha maelezo yetu huko.