Magitaa ya Marekani, Meksiko, Japani na Indonesia: Uzoefu Wangu Baada ya Kuyapiga Yote

Nina magitaa manne ya umeme ninayoyapiga kwa zamu: moja la Marekani, moja la Meksiko, moja la Japani na moja la Indonesia. Wapiga gitaa wenzangu wakiyaona, kitu cha kwanza ni kugeuza kichwa cha gitaa wasome limetengenezwa wapi, hata uzi hawajagusa. Wakishasoma, masikio yameshatoa hukumu. La Marekani litasifiwa hata likiwa halijatyuniwa. La Indonesia litaambiwa "si baya kwa mtu anayeanza". Mimi siuzi magitaa, nayapiga tu, mazoezini, jukwaani na studio, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na la Indonesia maana ndilo linalodharauliwa. Ni Yamaha Pacifica 112V. Mwili wake ni mbao halisi ya alda, mti uleule unaotumika kwenye Stratocaster nyingi za Kimarekani, gitaa maarufu la kampuni ya Fender. Lina pikapu (vifaa vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi) mbili za koili moja na hambaka moja, yaani pikapu ya koili mbili, upande wa briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini, na ukivuta juu kitufe cha toni ile hambaka inagawanyika, inalia kama koili moja. Nilishusha kidogo tandiko za briji kwa sababu napenda nyuzi zilale karibu na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, nikaanza kupiga. Fundi hakuhusika. Ndilo gitaa ninalolichukua nikijua nyimbo zitakuwa za mitindo mchanganyiko na hakuna nafasi ya kubadilisha gitaa katikati. Kwa kurekodi solo safi napenda zaidi sauti ya lile la Kijapani, lakini hilo ni suala la sikio langu.

La Marekani ni zuri kwa macho kuliko yote. Rangi imetulia, kingo za shingo zimeviringishwa hadi mkono unateleza kana kwamba gitaa limepigwa miaka. Kampuni siitaji, kwa sababu ninachosimulia kingeweza kutokea kwenye kampuni yoyote. Uzi wa G ulikuwa haukai. Nikiuvuta kwa kidole kwenye solo, nikiuachia unarudi chini kidogo ya sauti yake, na kila nilipokaza kifunguo cha kutyuni nilisikia "ting!" kwenye nati, kipande chenye mifereji ya nyuzi kati ya shingo na kichwa, kisha sauti inaruka ghafla kupita nilipoitaka. Anayepiga gitaa anaujua mlio huo. Mfereji wa uzi kwenye nati umechongwa mwembamba mno, uzi unabanwa humo, mvutano unajikusanya upande wa kifunguo hadi uzi unachomoka kwa kishindo. Fundi aliupitisha tupa nyembamba mara chache, akapaka unga wa risasi ya penseli, akanirudishia gitaa. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko kubadilisha nyuzi sita.

Sasa hapo bendera ilifanya nini? Kiwanda ni kilekile kinachotoa nati safi kila siku. Aliyeshika tupa siku hiyo aliharakisha kumaliza, au foleni ilikuwa ndefu, na mkaguzi akapitisha. Ubora wa gitaa kwa sehemu kubwa unaamuliwa na saa ya mwisho kiwandani: nati kuchongwa, freti kusawazishwa, ncha za freti kulainishwa, shingo kunyooshwa. Kuchonga mwili na shingo siku hizi ni kazi ya mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine ya Indonesia haikati kwa usahihi mdogo kuliko ya California. Saa ya mwisho ndiyo bado inategemea mkono wa mtu, na mkono huo unapewa dakika kulingana na bei ambayo kampuni imepanga kuliuzia gitaa hilo.

Lile la Meksiko ndilo lililonifungua macho zaidi. Ni Fender Player Stratocaster, toleo lililoanza mwaka 2018, kutoka kiwanda cha Ensenada ambacho Fender ilikifungua mwaka 1987. Kiwanda cha Fender cha Marekani, kilichoko Corona, California, hakiko mbali na hapo, ni mwendo wa gari wa saa chache na mpaka mmoja kati yao. Kwa miaka watu walikuwa wakieleza tofauti ya viwanda hivi kwa kusema kwamba mafundi wa Corona ni hodari zaidi, na ushahidi uliotolewa mara nyingi ni zile kingo za shingo zilizoviringishwa: za Corona laini, za Ensenada kali kidogo. Basi mwaka 2024 ikatoka Player II, kutoka Ensenada hiyohiyo, ikiwa na kingo zilizoviringishwa. Mafundi hawakujifunza ghafla kutumia msasa. Kampuni iliamua tu kwamba sasa wapewe muda wa kufanya kazi hiyo. Awali walilinyima toleo la bei ndogo ili la bei kubwa libaki na sababu ya kununuliwa. Ni biashara, siwalaumu, ila tusiite uamuzi wa biashara kipaji cha taifa.

Hata mbao ya ubao wa vidole ina hadithi ya aina hiyo. Langu lina mbao ya pau ferro badala ya rozwudi iliyozoeleka, na nimewasikia watu wakisema ni dalili ya ubahili wa Meksiko. Ukweli ni kwamba Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka aina zote za rozwudi kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa, kwa hiyo kila gitaa lenye rozwudi lililovuka mpaka kibiashara lilihitaji karatasi. Kiwanda ambacho soko lake kubwa liko ng'ambo ya mpaka kiliumia zaidi. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo, na Player II ikarudi na rozwudi. Mimi sauti ya pau ferro sijawahi kuitofautisha kwenye rekodi, na ninayeshindana naye kuhusu hili naye hajawahi, ingawa hakubali.

Sasa la Kijapani. Ni Fender ya miaka ya 1980 iliyotengenezwa na FujiGen, mji wa Matsumoto. Leo ukilitaja watu wanasogeza kiti karibu. Lakini miaka ya 1960 maandishi ya "Made in Japan" kwenye gitaa yalikuwa kichekesho, kama "Made in China" yalivyokuja kuwa baadaye. Japani ilianza na magitaa ya bei ya chini, mengine yakiwa hayatyuniki kabisa, kisha ikajifunza kwa kunakili, hadi mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson, mtengenezaji mkubwa wa Marekani, ikafungua kesi huko dhidi ya msambazaji wa Ibanez, chapa ya Kijapani, kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Mwaka 1982 Fender yenyewe ilikwenda kuanzisha Fender Japan na kuwapa FujiGen kazi ya kutengeneza. Wakati huohuo kiwanda cha Fender nyumbani kilikuwa mikononi mwa CBS, kampuni ya utangazaji, walioinunua Fender mwaka 1965 na kuiuza 1985, na Stratocaster nyingi za kipindi hicho, zile za shingo iliyofungwa kwa skrubu tatu badala ya nne kuanzia 1971, wakusanyaji wengi wanazikwepa. Nchi haikubadilika. Jimbo halikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye pesa.

Gibson nayo ilipita njia hiyo chini ya kampuni ya Norlin kuanzia 1969 hadi 1986. Les Paul, gitaa lake maarufu, nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na mwili wa mbao zilizobandikwa kwa tabaka, na leo watu wanakiita kipindi hicho kwa jina la Norlin. Hakuna anayesema "Wamarekani walisahau kutengeneza gitaa". Kiwanda cha Asia kikikosea ndipo kosa linakuwa la nchi nzima.

Baada ya Japani kupanda bei, kazi ya magitaa nafuu ilihamia Korea Kusini, na hadithi ikajirudia: Squier (chapa nafuu ya Fender) kadhaa za Kikorea za mwanzo zilikuwa na mwili wa plaiwudi, lakini baadaye magitaa ya SE, toleo nafuu la kampuni ya Marekani ya PRS, kutoka Korea yakaheshimiwa hata na watu wa studio. Mwaka 2019 PRS ilihamishia sehemu kubwa ya kazi hiyo Indonesia, kwenye kiwanda cha kampuni ya Kikorea ya Cor-Tek, na nikawasikia watu wakiomboleza Korea kwa maneno yaleyale waliyotumia zamani kuiombolezea Japani. Nimezipiga SE za kutoka nchi zote mbili. Ningefumbwa macho nisingejua ipi ni ipi.

Jambo moja kuhusu nchi linanisumbua kweli, na halihusu sauti. Cor-Tek hiyohiyo ilianza kufunga viwanda vyake Korea mwaka 2007, na mgogoro na wafanyakazi walioachishwa ukadumu hadi 2019. Ukiuliza gitaa limetengenezwa wapi kwa sababu unataka kujua aliyelitengeneza analipwaje, swali lako lina maana kuliko la anayetaka kujua kama "litalia".

Tena hiyo nchi yenyewe ni ipi? Ebony, mbao nyeusi ya ubao wa vidole, ya magitaa ya Kimarekani ya Taylor inatoka Kameruni, ambako Taylor iliingia ubia kwenye kiwanda cha kupasua mbao mwaka 2011. Rozwudi nyingi ni ya India, vifunguo vingi vizuri ni vya Japani au Taiwani. Maandishi kwenye kichwa yanataja mahali ilipofanyika kazi ya kuunganisha na kumalizia, basi.

Nikishika gitaa nisilolijua, natelezesha kiganja kwenye ukingo wa shingo kwanza. Ncha za freti zikikwaruza, mara nyingi shingo imekauka ikasinyaa na chuma hakisinyai. Yaani gitaa limekaa mahali pakavu mno, ghalani au dukani, na hiyo hutokea hata kwa gitaa la gharama ya kutisha. Kisha natazama shingo kutoka kwenye kichwa kuelekea briji, kama mtu anayelenga shabaha, nione kama imejipinda upande mmoja. Kujipinda mbele au nyuma kunarekebishika kwa kuzungusha chuma kilichomo ndani ya shingo. Kujisokota ni ugonjwa usiopona, hapo naliacha. Napiga kila freti kwenye kila uzi bila amplifaya. Uzi wa G nauvuta na kuuachia mara kadhaa nisikie kama unarudi. Kichwa nakisoma mwisho, na mara nyingi nakisoma ili nijue namba ya gitaa ni ya mwaka gani.

Mahali pekee ninapokubali bendera ina nguvu ni siku ya kuuza. La Marekani litapata mnunuzi haraka na kwa bei inayokaribia uliyotoa. La Indonesia litapigwa bei hata likiwa limetunzwa kama mtoto. Kwa hiyo anayenunua akiwa na wazo la kuja kuuza, aweke hilo kwenye hesabu, na amwachie fundi kitu kidogo cha kuikagua nati. Anayetafuta la kutumia mwenyewe atafute lililotumika kidogo, la Indonesia au Meksiko, lenye shingo iliyonyooka, na kilichobaki akitumie kwa amplifaya nzuri, maana hiyo ndiyo watu watakayoisikia.