Buti za kauboi: kisigino kirefu au kifupi?

Buti ya kauboi ya asili ina kisigino cha kama sentimita 4, kilichokatwa mshazari ili mguu usiteleze ukapitiliza kwenye kikuku cha tandiko. Kama unapanda farasi, chukua hiyo. Juu ya jinzi pia ndiyo inayopendeza zaidi. Ila ukitembea nayo kutwa, vidole vitalalamika.

Roper, buti ya kauboi yenye kisigino kifupi, ni ya wanarodeo (washindani wa michezo ya kauboi) wanaoruka chini kutoka kwenye farasi na kumkimbilia ndama: kisigino kama sentimita 2.5, shingo fupi, ncha ya mviringo. Kwa kazi ya kusimama, nachagua hii bila kusita.

Yoyote utakayoshika, igeuze uangalie soli. Soli iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi pembeni, fundi ataibadilisha; ya gundi tupu ikiachia, kuibadilisha ni kazi ngumu zaidi.