Seti ya .22 au bastola kamili ya .22?

Mwenye bastola ya milimita 9 akitaka kulenga shabaha kwa risasi za bei nafuu, yaani zile ndogo za .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22), swali ni lilelile: anunue seti ya kuigeuza bastola yake ipige .22, au bastola nyingine ya .22?

Seti hubadilisha slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa), mtutu, springi na magazini; fremu, yaani mwili wenye kishikio na triga, inabaki. Kwa hiyo mkono unashika kishikio kilekile na kidole kinavuta triga ileile uliyoizoea. Kwa bei, seti inaweza kuwa nafuu, na sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu fremu kuwa silaha, si seti.

Kwenye kutegemeka ndiko seti inakotoa jasho. Risasi ya .22 ina nguvu kidogo, ndiyo maana slaidi za seti nyingi ni za alumini nyepesi. Ukitia risasi dhaifu, slaidi hairudi nyuma yote: ganda linasimama wima kwenye mlango wa kutolea maganda, nawe unalichokoa. Anza na risasi za kasi kubwa, kisha jaribu chapa kadhaa. Kila seti ina yake inayoipenda.

Bastola kamili kama Ruger Mark IV mtutu wake hauchezichezi, na kwa matundu kukaribiana kwenye karatasi naipa ushindi bila kusita. Usafi? Zote huchafuka kwa masizi na nta.

Anayejinoa kwa ajili ya bastola yake kubwa, seti inamfaa. Anayewinda pointi, hasa mashindano ya mita 25, aweke akiba anunue bastola kamili.