Taa ya "10,000 lux" ya Kariakoo: soma maandishi madogo kabla hujalipa

Nimeichukua hii taa ya mezani ya tiba ya mwanga Kariakoo kwa ajili ya mdogo wangu, mwezi wa nane anaenda kusoma Helsinki, na kule Desemba mchana haufiki hata masaa sita, waliotangulia wanasema sonona ya winta ipo kweli, mtu analala weee na bado kachoka, anatamani wanga tu, hana mzuka na mtu. Boksi limeandikwa 10,000 lux (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa herufi kubwa, muuzaji ananiambia dada yangu hii ndo yenyewe, hata madaktari wanachukua. Haya.

Sasa fungua kile kikaratasi cha ndani. Hizo elfu kumi unazipata ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye taa, yaani unaibusu kabisa! Wakati tiba yenyewe ni nusu saa hivi kila asubuhi ukishaamka, taa ikiwa kama sentimita 30 mpaka 40 kutoka usoni, macho wazi ila huikodolei, chai yako unakunywa. Nikaipima na apu ya simu (najua si kipimo cha uhakika), kwa karibu inapanda vizuri, isogeze kidogo tu inaporomoka vibaya. Nikatoka na simu uani hapa Tabata, mawingu ya masika yametanda, namba ikaipita taa mbali. Kwaiyo wewe wa Dar ambaye mvua zimekushusha mudi, kaa tu nje asubuhi, laki na ishirini yako nunua mchele.

Mwanga hauchezi na haichemki, hapo sina neno. Ila hakuna palipoandikwa kama inachuja miale ya UV, kitu cha kukaa nacho usoni kila siku, nimekata maksi. Mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) asijiwashie kienyeji, mwanga mkali unaweza kumpandisha mzuka kupita kiasi, aongee na daktari kwanza. Na si taa tu, kuna tiba ya mazungumzo, kuna dawa pia, bupropion Marekani waliiruhusu 2006 kwa ajili ya kuzuia hali hii. Kama sonona yako haina msimu na umefika pa kuchoka kuishi, achana na mataa, nenda Muhimbili kitengo cha afya ya akili, leo leo.

Nyota 2 kati ya 5. Duka halirudishi hela, wanabadilisha tu, nimeondoka na pasi na adapta ya plagi za kule maana pini tatu zetu haziingii, taa dogo atanunua hukohuko.