Kemshafti za Subaru EJ20 ya turbo: kabla hujanunua, chungulia giaboksi

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Hivi vyuma vinne mnavyoviona hapa mezani ni kemshafti, yaani shafti zinazofungua valvu, za EJ20 ya turbo, injini ya Subaru ya lita mbili, na leo nazichambua pamoja na vile vitu ambavyo vijana wa Subaru hawapendi kuviongelea kwa sababu havina mlio: klachi, giaboksi, difu na eksili. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye bando kidogo aende zake. Kama gari lako ni WRX au Forester SG5, bado lina turbo yake ya TD04 na giaboksi ya gia tano, hela ya kemshafti ipeleke kwingine kwanza.

Haya, waliobaki tuendelee. Sogea na kamera hapa. Huu mgongo wa duara, kemu ikiwa hapa valvu imefungwa. Hii pua ndiyo inayoisukuma valvu ifunguke. Urefu wa pua unaamua valvu inashuka milimita ngapi. Unene wake unaamua valvu inakaa wazi kwa digrii ngapi za mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini), na hizo digrii ndizo namba unazozikuta kwenye maboksi: 264, 272 na kuendelea. Namba ikipanda, injini inapumua vizuri huko juu, lakini nguvu za chini unazilipia.

Kuna mtego hapo. Watengenezaji hawapimi kwa njia moja. Wengine wanahesabu tangu valvu inapoanza kutikisika, wengine wanasubiri ifunguke takriban milimita moja ndipo waanze kuhesabu. Kwa hiyo unaweza kukuta 272 ya huyu na 240 na kitu ya yule, ukaona ya kwanza ndiyo kali, kumbe zinakaribiana au hata ni kinyume. Ukilinganisha, hakikisha kipimo ni kimoja. Muuzaji akishindwa kukwambia namba yake imepimwaje, mshukuru na uondoke.

Sasa kwa nini namtolea macho mwenye TD04? Turbo ile, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ni ndogo. Inaamka mapema, ndiyo maana Forester inachapuka vizuri mjini, lakini ukizidi 5,500 hivi kwenye tako (geji ya mizunguko ya injini kwa dakika) inaanza kuhema. Moshi unataka kutoka, njia ni nyembamba, presha inajaa kwenye manifoldi ya ekzosi hadi inaipita ile ya hewa inayoingia. Kemshafti kali huwa na kipindi kirefu ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi kwa pamoja. Presha ya nyuma ikiwa kubwa, moshi haungoji kuambiwa, unarudi ndani ya silinda. Unapata joto, unapata petroli kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni za Subaru hazina uvumilivu huo. Kwa maneno mengine, umenunua kemshafti inayotaka kufanya kazi pale pale turbo yako inapokata tamaa.

Na sisi wa Nairobi tuna deni jingine, la mwinuko. Mombasa hewa inakusukuma kwa kilopaskali 101. Hapa Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, ni kama 83 tu. Chukua gari linalopiga busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, ya bar 0.8 (kilopaskali 80) kule pwani: ndani ya manifoldi ya kuingiza hewa kuna jumla ya kilopaskali 181, turbo imezidisha hewa kama mara 1.8. Ukitaka 181 hiyo hiyo hapa Nairobi, turbo lazima izidishe karibu mara 2.2. Inazunguka kasi zaidi, inatoa hewa moto zaidi, na inachelewa kuamka. Halafu wewe unaongeza kemshafti inayochelewesha nguvu tena! Ndiyo maana orodha ya vifaa uliyoiona kwa jamaa wa Japani au Australia, anayeendesha karibu na usawa wa bahari, usiinakili mzima mzima.

Basi kemshafti ni za nani? Ni za aliyeshabadilisha turbo ikawa kubwa, mafuta yanatosha, intakula (kipoza hewa ya turbo) inatosha, na gari limetuniwa kwenye daino (mashine ya kupima nguvu za gari). Huyo namwambia aanze na za daraja la chini. Tomei wa Japani wana kemshafti za Poncam, ambazo zimebuniwa kuingia bila kuchonga chochote. HKS, wa Japani pia, wana 264 na 272. Kwa gari la kila siku la lita mbili, 264 inatosha, 272 mwachie anayekimbia mbio. Kelford wa New Zealand na GSC wa Marekani wana ngazi kadhaa pia, na kwao soma karatasi ya springi za valvu, kwa sababu kemu inayonyanyua zaidi inataka springi zinazoiweza.

Kabla hujalipa, angalia AVCS, mfumo wa Subaru unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka kwa kutumia presha ya oili. Injini nyingi za turbo zilizokuja kutoka Japani kuanzia miaka ya 2000 zina mfumo huo kwenye kemu za kuingiza hewa, na STI za 2008 na kuendelea zenye EJ257 zinao hata upande wa kutolea. Kemshafti isiyo na njia zake za oili haifai kwenye injini yenye AVCS, hata fundi akuapie kwa mama yake.

Na kuzifunga si kazi ya jioni moja. Hii boksa (injini yenye silinda zilizolala kushoto na kulia) ina kemshafti nne, mbili kila upande. Ukivua taiming belti, zile za upande wa kushoto zimekaa juu ya springi zilizokazwa. Ukiziachia ovyo zinaruka zenyewe, valvu inagongana na valvu, na umeshapinda chuma kabla hujafunga kipya hata kimoja. Baada ya kufunga, mwanya wa valvu unapimwa upya, yote 16, kwa sababu mgongo wa kemu mpya mara nyingi si sawa na wa zamani. Upande wa kuingiza ni takriban milimita 0.20, wa kutoa ni mkubwa zaidi, soma kitabu cha mwaka wa injini yako. Fundi anayepima kwa kusikiliza tu, kaa naye mbali.

Tuje kwenye chuma kinachobeba mzigo. Giaboksi ya gia tano ya Subaru ina kasha la vipande viwili, kushoto na kulia, lililofungwa kwa bolti. Toki (nguvu ya msokoto) ikizidi kasha linajinyoosha kidogo, meno hayakutani sawasawa, na gia ya tatu ndiyo huwa ya kwanza kung'oka. Kinachoua zaidi ni ile tabia ya kukaba klachi kwenye taa, kupandisha 5,000 na kuachia ghafla huku magurudumu manne yameng'ang'ania lami. Kitu lazima kiachie, na tairi haziachii.

Dawa yake ni ya gia sita kutoka STI, na hapo ndipo bajeti hulia. Hununui giaboksi peke yake. Unahitaji difu ya nyuma ya R180, propela, eksili na habu zake, klachi na flaiwili zake, na kidhibiti cha difu ya katikati kama ni ya DCCD, ile inayorekebishwa na dereva. Chukua vyote kwenye hafukati (gari lililokatwa na kuuzwa kwa vipande) moja. Sababu ni hii: baadhi ya STI za Japani zina uwiano wa gia wa 3.9 mbele na difu ya 3.545 nyuma, halafu ndani ya giaboksi kuna gia ya 1.1 inayosawazisha. Zidisha 3.545 kwa 1.1 upate 3.9. Ukiletewa giaboksi hiyo ukaifungia difu ya nyuma ya 3.9, mbele na nyuma zinavutana kila mita unayokwenda, hadi kitu kivunjike. Soma kibandiko kwenye kasha: TY75 ni gia tano, TY85 ni gia sita. Namba zinazofuata ndizo zinakupa uwiano.

Na msiniletee habari za Safari Rally hapo. Ndiyo, dereva Colin McRae alishinda na Subaru Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, lakini ndani ya yale magari giaboksi haikuwa hii ya kwako.

Klachi, kwa ufupi. Ikiteleza gia ya nne ukikanyaga, tako inapanda na mwendo haupandi, imekwisha. Nunua sahani ya kawaida yenye presha pleti nzito kidogo. Zile za vipande sita vya shaba zinashika kama ngumi, lakini foleni ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni utalia.

Wenye Forester oto, najua ni wengi: anzeni na kipoza oili ya giaboksi na oili mpya, busti iwe ya kiasi. Na tairi zote nne ziwe za saizi moja, zimelika sawa. Mbili mpya mbele, mbili vipara nyuma, unaiua giaboksi bila hata kukimbia.